Jua Lachwa: Je, Ujira Umelipwa?

Mashariki ya mji wa Likasi, katika Katanga ya Juu, kuna ziwa liitwalo Tshangalele. Zamani ziwa hilo halikuwako. Mto Lufira ulipita katika bonde tambarare, kisha ukaanguka kwa kishindo penye maporomoko ya Mwadingusha. Hapo ulijengwa ukuta mkubwa wa kuzuia maji, ili ipatikane nguvu ya umeme kwa viwanda vya shaba vya Likasi, mji ulioitwa Jadotville siku zile. Mtambo ulianza kazi mwaka 1930. Maji yalipanda, na bonde likawa ziwa. Leo wavuvi wanakaa kandokando yake, na watu wa mjini huenda huko kupunga hewa.

Katika miezi ya kiangazi jua la jioni huwa jekundu sana juu ya maji hayo. Jua likiwa chini, mwanga wake hupita katika hewa nyingi kuliko saa sita mchana. Rangi ya buluu hutawanyika njiani, na nyekundu hubaki. Vumbi na moshi wa mbuga zinazochomwa huzidisha wekundu huo. Ni jambo la kupendeza macho, na wako watu wanaotamani kulitazama wakiwa juu ya maji yenyewe.

Basi, na ifikiriwe habari hii. Fundi mmoja wa Likasi ametimiza miaka 20 ya ndoa. Ameweka akiba kidogo kidogo. Siku moja, saa kumi jioni, anafika na mke wake katika kijiji cha wavuvi upande wa Kapolowe, naye anatafuta mtumbwi wa kukodi. Hawataki kuvua samaki wala kuvuka kwenda ng'ambo. Wanataka kukaa juu ya maji wao wawili, pasipo abiria wengine, watazame jua likichwa, kisha warudi. Mvuvi mmoja anakubali, na bei inapatanwa.

Watu wa kijiji wanaanza kuhojiana. Mzee mmoja asema, “Fedha ya kutazama jua? Jua si liko hapa kila siku? Huo ni upotevu, na upotevu ni dhambi.” Kijana amjibu kwa heshima, “Baba, fedha ni yake, ameitolea jasho. Wamepatana bei kwa hiari. Kosa liko wapi?”

Ni nani kati yao asemaye kweli? Yafaa maneno ya kila mmoja yapimwe kwa zamu, maana mkatekumeni hufundishwa kutambua dhambi ilipo, na pia kutoiweka mahali isipokuwapo.

Kwanza, neno la mzee. Wahenga walisema, kazi mbi si mchezo mwema. Nao walisema kweli, kwa maana mchezo haumlishi mtu. Lakini hawakusema kwamba mtu asipumzike kamwe. Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwalimu mkuu wa karne ya 13, anasimulia habari ya Mtume Yohane. Watu walichukizwa walipomkuta akicheza pamoja na wanafunzi wake. Yohane akamwita mmoja wao aliyekuwa na upinde, akamwamuru apige mshale. Akapiga mara nyingi. Ndipo akamwuliza kama aweza kuendelea vivyo hivyo pasipo kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Mtume akaeleza kwamba roho ya mtu nayo ingevunjika vivyo hivyo, kama isingelegezwa hata kidogo. Kila mwindaji wa Katanga ajua kwamba upinde ulioachwa umevutwa usiku kucha hauna nguvu asubuhi.

Thomas hakuishia hapo. Alitoa maonyo matatu: furaha isitafutwe katika jambo la aibu au la kudhuru, mtu asipotewe na akili kwa ajili yake, na mchezo ulingane na mtu, na wakati, na mahali. Mume na mke wanaokaa kimya juu ya maji, wakikumbuka miaka yao 20, hawavunji hata onyo moja. Upotevu ungekuwako kama fedha ile ilikuwa ya karo ya mtoto, au ya dawa ya mama mzazi, au ya kulipa deni ambalo siku yake imefika. Hapo mzee angekuwa na haki, kwa sababu mtu hapumziki kwa fedha iliyo na mwenyewe tayari. Lakini kama madeni hayo yamelipwa na kilichobaki ni akiba halali, hakuna sababu ya kuita pumziko dhambi.

Pili, neno la kijana. Ni rahisi kulikubali, na kwa hiyo lahitaji kupimwa kwa uangalifu zaidi. Kijana asema kwamba fundi ametoa fedha yake na kupata kitu chake. Lakini amenunua kitu gani? Jua hakulinunua. Msichana anayeosha sufuria ufukoni analiona jua lile lile, naye halipi kitu. Maji ya ziwa hayakuuzwa. Mtumbwi wenyewe umekodiwa kwa muda mfupi tu, nao utarudi ulivyokuwa. Ukitazama vema, kitu kikubwa alichonunua fundi ni jioni ya mtu mwingine.

Na jioni ya mvuvi si saa tupu. Nyavu za kutegwa hutupwa majini jua linapoelekea kuchwa, na huvutwa alfajiri. Saa ambayo mgeni huiona kuwa nzuri kuliko zote ndiyo saa ya mvuvi ya kutafuta chakula cha kesho. Akimchukua mgeni kutazama jua, huenda nyavu zake zikabaki ufukoni, au zikategwa gizani, kwa haraka, mahali pasipofaa. Basi bei ya haki si kodi ya mbao na kasia tu. Ni lazima ihesabu pia samaki ambao mvuvi hatawapata.

Katika pwani ya Bahari ya Hindi safari za namna hii zimekuwa kazi ya kila siku. Kisiwani Unguja, majahazi na mashua huondoka Mji Mkongwe na Nungwi zikiwa na wageni waliokuja kutazama jua likizama baharini. Huko mabaharia wengine huishi kwa kazi hiyo. Lakini hata huko swali ni lile lile, tena lina sura ya pili: pengine mwenye chombo ni mmoja na anayeshika tanga ni mwingine. Mgeni hulipa fedha nyingi kwa mwenye chombo, na baharia akapata sehemu ndogo. Mgeni mwenye dhamiri hatosheki kujua kwamba amelipa. Huuliza pia kama mfanya kazi amepata.

Kijana aweza kujibu tena, “Lakini mvuvi mwenyewe alikubali bei. Hakushurutishwa na mtu.” Jibu la Kanisa juu ya neno hilo ni la zamani. Mwaka 1891 Papa Leo XIII alitoa barua iitwayo Rerum Novarum, juu ya hali ya wafanya kazi. Humo alifundisha kwamba mapatano ya hiari hayatoshi peke yake kuufanya ujira uwe wa haki. Mfanya kazi akikubali ujira mdogo kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa mabaya zaidi, amedhulumiwa ingawa alisema ndiyo. Basi na ifikiriwe kwamba fundi amefika wakati uvuvi umefungwa ili samaki wazae, na nyumbani kwa mvuvi unga umekwisha. Mvuvi atakubali bei yoyote. Fundi aweza kuishusha mpaka nusu, naye atajisifu njiani kwamba anajua kupatana. Ukweli ni kwamba hakupatana na mvuvi. Alipatana na njaa ya watoto wake.

Sheria ya Musa inagusa jambo hili kwa karibu mno. Katika sura ya 24 ya Kumbukumbu la Torati, Waisraeli waliagizwa wampe kibarua maskini ujira wake siku ile ile, jua lisichwe kabla hajalipwa, kwa maana moyo wake unautazamia. Basi wawili wale waliomo mtumbwini wanalitazama jua, na mvuvi naye analitazama, lakini kila mmoja kwa hesabu yake. Mgeni asiyelipa papo hapo, akasema, “Utapata juma lijalo,” amelifanya jua lile kuwa shahidi juu yake.

Kuna deni jingine lisilolipwa kwa fedha, nalo ni usalama. Katika nchi hizi jua huchwa upesi. Tangu linapogusa ukingo wa maji mpaka linapotoweka, ni dakika 2 na kidogo. Baada ya nusu saa giza limeingia. Anayetaka kuliona hadi mwisho atarudi gizani. Watu wa maziwa makuu wanayajua maafa ya vyombo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, ikiwa imejaa watu kupita kiasi, na mamia walikufa. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kilizama katika Ziwa Kivu karibu na Goma; nacho pia kilikuwa kimejaza watu mno. Mtumbwi wa watu wachache hauna hatari hiyo, lakini una hatari yake: aliyelipa hujiona kuwa bwana wa chombo. Mvuvi asema, “Upepo unabadilika, turudi.” Mgeni ajibu, “Bado kidogo, nimelipa.” Fedha ya kodi hainunui haki ya kuuhatirisha uhai wa mtu mwingine. Juu ya maji, anayeyajua maji ndiye wa kusikilizwa, hata akiwa peku. Taa na iwemo, na jaketi za kuelea zitoshe watu wote, pamoja na mpiga kasia.

Mvuvi naye ana wajibu wake. Asimtajie mgeni bei mara tatu kwa sababu tu mgeni hajui. Asiseme mtumbwi ni mzima hali anajua kwamba unavuja. Ujira wa haki hudaiwa pande zote mbili.

Limebaki swali lililo gumu kuliko yote. Fundi amelipa ili wawe peke yao. Wamekwisha kuketi, kasia imeshikwa, na mara wanakuja watu wakikimbia na mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Lazima avushwe mpaka zahanati ya ng'ambo, na hakuna mtumbwi mwingine. Kijana atasema, “Mtumbwi ni wa fundi kwa saa hii.” Je, ni wake?

Mtakatifu Marko, katika sura ya 6, anasimulia kwamba Mitume walirudi wamechoka, hata nafasi ya kula hawakuipata. Bwana Yesu akawaita wapumzike kidogo mahali pasipo watu, nao wakapanda mashua peke yao. Hivyo Bwana mwenyewe alionyesha kwamba kutaka kuwa peke yako na kupumzika ni jambo jema, tena alitumia chombo kwa kusudi hilo. Lakini walipofika, watu walikuwa wamekwisha kutangulia kwa miguu, wenye njaa ya chakula na ya mafundisho. Bwana hakuwafukuza kwa sababu pumziko lilikuwa limepangwa. Aliwahurumia. Pumziko lilikuwa haki, nalo likangoja.

Ndivyo ilivyo katika mtumbwi wa Tshangalele. Kodi inampa fundi haki juu ya wale wanaotaka kupanda kwa kupenda tu. Anaweza kukataa bila kosa. Haimpi haki juu ya mtu ambaye uhai wake u hatarini. Thomas wa Akwino alifundisha kwamba katika lazima kubwa vitu vya dunia huwa vya wote. Basi fundi na mke wake washuke. Mvuvi naye asiile fedha ya safari isiyofanyika. Airudishe, au awachukue siku nyingine. Namna hiyo hakuna aliyedhulumiwa: mama amepata njia, mgeni amebaki na fedha yake, na mvuvi na jina lake jema.

Hivyo mzee na kijana kila mmoja alishika sehemu ya kweli. Mzee alijua kwamba fedha yaweza kutumiwa vibaya, lakini alilitafuta kosa katika furaha ya watu wawili, nalo halikuwamo. Kijana alijua kwamba furaha si dhambi, lakini alidhani bei ikishapatanwa, hakuna tena la kuuliza. Furaha ya mtu hupimwa kwa namna anavyomtendea yule aliyemwezesha kuipata. Anayekodi mtumbwi jioni si lazima aone haya. Lakini kabla ya kutaja bei yake, na amwulize mvuvi: “Ndugu, leo nyavu zako utazitega saa ngapi?”