Ukibandika, Fikiria Kubandua

Mwanangu, hizo stika za bei ulizotaka kununua dazeni nzima ziache dukani. Sikukaripii. Umri wa kukaripia nimeshaupita, na vumbi la mbao limeninyang'anya sauti ya kufanyia kazi hiyo. Nisikilize tu, tena hiyo simu iweke mfukoni, maana haya nimewaambia vijana wengi hapa Keko wakaniitikia "ndiyo mzee" huku mawazo yao yako Mbagala.

Stika ya bei imetengenezwa isitoke. Mwenye duka anaogopa mteja asije akahamisha bei ya sufuria ndogo akaipachika kwenye kubwa. Shida yetu sisi ni nyingine kabisa. Kipande cha kabati kinahitaji jina tangu kinapotoka kwenye msumeno hadi kinapokaa mahali pake. Baada ya hapo, lile jina ni uchafu. Kwa hiyo ukienda kununua lebo, usianze kuuliza kama inashika. Vitu vya kushika vimejaa Kariakoo. Uliza itatokaje.

Ikikataa kutoka, najua utakachofanya: utachukua patasi ukwangue. Kwenye mninga mtupu utaacha mkwaruzo, basi, msasa utausamehe. Lakini kwenye plaiwudi yenye vinia ya mninga, ule mninga haufiki hata milimita moja. Lebo ikivutwa kwa nguvu inanyanyuka na nyuzi za mbao, na ukikimbilia msasa kuficha jeraha unaufichua ubao mweupe wa chini. Hapo hakuna fundi wa kukuokoa. Tena gundi inayobaki haionekani mbao ikiwa kavu. Unaiona siku ya kupiga vanishi, pale vanishi inapokataa kushika na kuacha kidoa cha mraba, umbo lile lile la stika yako, katikati ya mlango wa kabati la mtu.

Nunua tepu ya karatasi, ile ya wapiga rangi magari. Nayo ina asili yake, na nakusimulia kwa sababu inahusu kazi yetu. Mwaka 1925, huko Marekani, Richard Drew wa kampuni ya 3M ndiye aliyeitengeneza. Kampuni yenyewe wakati huo ilijulikana kwa msasa. Alikuwa akipeleka msasa kwenye gereji za rangi mjini Saint Paul, akawakuta mafundi wanalaani: gari la rangi mbili lilikuwa linazibwa kwa karatasi na gundi kali, na wakibandua, rangi mpya inakuja nayo. Unaona? Tangu mwanzo tepu hii ilitafutwa kwa ajili ya kutoka.

Kuna wanaopenda vile vikaratasi vya njano vya ofisini. Navyo vina gundi dhaifu, ila vumbi la karakana linaimaliza gundi hiyo mara moja. Asubuhi utavikuta sakafuni vyote, kila kimoja kina jina na hakuna kinachojua ni la nani. Mwachie dada wa hesabu.

Sasa kalamu. Utaniambia, mzee, tepu ya nini, si niandike kwenye mbao moja kwa moja kwa maka peni? Andika, kisha piga laka juu yake. Thina iliyomo kwenye laka inauyeyusha ule wino, unapanda na kutawanya, na namba yako inasomeka vizuri kuliko ulivyoiandika. Peni ya kawaida nayo ni hivyo hivyo. Krayoni ya nta ni mbaya zaidi, maana nta inaikataa vanishi. Kwenye tepu, andika kwa unachotaka. Kwenye mbao yenyewe tumia penseli laini bila kukandamiza, au chaki kama mbao bado haijapigwa randa. Na mbao inayokwenda kwenye mashine ya randa usiibandikie chochote: gundi ikiganda kwenye visu vile, utavisafisha wewe, siyo mimi.

Mbao ukizipanga ziunganishwe ziwe meza, zipitishie pembetatu moja kubwa ya chaki juu ya zote kwa pamoja. Hata zikichanganywa, pembetatu ikirudi kuwa pembetatu, kila ubao uko kwake na uso wake uko juu. Hapo hata lebo huhitaji.

Kubandika nako kuna adabu. Futa vumbi kwanza kwa brashi, la sivyo unaibandikia tepu vumbi. Kunja ncha moja ishikane yenyewe kwa yenyewe, upate pa kushika siku ya kubandua. Sugua kwa kidole gumba. Usiweke kwenye ulimi wala kwenye tundu lake, maana pale ni pa gundi ya mbao. Weka upande wa ndani, mahali mkono wa mteja hautafika. Na usiache kipande kwenye jua la saa nane kikiwa na tepu, kwani joto linailainisha ile gundi ikazama kwenye vinyweleo vya mbao. Tepu ya kawaida usiipe zaidi ya siku chache. Kazi ikichelewa, na zetu huchelewa, tafuta ya buluu. Nyingi huandikwa kwenye paketi kwamba zinavumilia siku 14. Ni ghali, najua. Kukwangua ni ghali zaidi.

Kubandua, irudishe tepu juu yake yenyewe, ilale karibu na ubao, vuta polepole kufuata nyuzi. Usiinyanyue juu wima kwa hasira.

Na ukiandika, andika kitu cha maana. "Ubavu" siyo jina, kabati lina mbavu mbili. Andika kabati namba ngapi, kushoto au kulia, kisha chora mshale unaoonyesha juu, na mwingine unaoonyesha mbele. Jina lile lile liingie kwenye daftari, pamoja na vipimo. Hoteli ikiagiza makabati kumi yanayofanana, hayafanani. Kuta zake ndizo zilizopinda kila moja kwa namna yake, na tumezipimia.

Haya, nenda. Chukua roli moja tu la inchi moja, usilete kumi. Bandika vipande kwenye makombo ya mninga, kimoja kwenye mbao tupu, kingine kwenye iliyopigwa sila, uviache hadi keshokutwa. Ukibandua, mwagia pale unga wa msumeno, upulize. Unga ukibaki umeshika umbo la tepu, roli hilo wape wapiga rangi ukuta, utafute jingine.