Moyo ni wa Nani?

Jirani yetu hapa Kampala ana binti wa miaka 15 aliyezaliwa na vali ya aota yenye vipande viwili badala ya vitatu. Wengi wenye kasoro hiyo huishi miaka mingi bila kujua. Yake ilikuwa inavuja sana, na moyo ulianza kupanuka. Ilibidi ibadilishwe.

Daktari alieleza njia mbili. Vali ya kaboni hudumu muda mrefu, lakini mwenye nayo humeza warfarini maisha yake yote ili damu isigande, na akipata mimba dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vali ya tishu ya mnyama kwa kawaida haihitaji warfarini ya maisha, ila kwa vijana huchakaa mapema, na upasuaji mwingine hufuata. Mimi ndiye niliyemtafsiria mzee maneno hayo. Akachagua ya kaboni: "Fedha za kupasua mara mbili sina." Binti alikuwa ameketi kando. Hakuulizwa.

Je, nani alistahili kuchagua? Simlaumu mzee, aliuza shamba lake. Wapo wasemao kwamba mtoto wa miaka 15 hajui atakachotaka akifika 30. Ni kweli, lakini hata baba yake hajui. Tena, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: vidonge havitamezwa na baba, wala mimba haitakuwa yake.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unataka maoni ya mtoto yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wake. Kusikilizwa si kutawala. Pengine binti angesikilizwa na uamuzi ukabaki uleule, kwa kuwa fedha hazikuwepo. Hata hivyo angejua anabeba nini na kwa sababu gani. Dawa uliyoamriwa tu ni rahisi kuiacha, na kuacha warfarini kwa mwenye vali hiyo ni kuhatarisha maisha.

Kwa hiyo naona mzazi ana haki ya kutia sahihi, lakini hana haki ya kuamua kimyakimya. Nami pia nilikosea. Wiki mbili baada ya upasuaji binti aliniuliza, "Kaka, ile vali nyingine ilikuwaje?" Ndipo nilipomtafsiria yeye kwa mara ya kwanza.