Gari la Mwisho Ndilo Linaloongoza

Mlima haujali nani ana gari zuri; msafara hupanda kwa mwendo wa gari zito kuliko yote. Ukienda kupiga kambi milima ya Nyandarua na marafiki, wawili wakiwa na Land Cruiser na mmoja na lori dogo lililogeuzwa nyumba, lenye kitanda, jiko na tangi la maji, huyo wa tatu ndiye atakayepanga saa ya kula na saa ya kulala, hata kama hajasema neno. Juu ya mita 3,000 hewa ni nyepesi na injini hupungua nguvu, na gari refu lililobeba mzigo juu huyumba kila tairi moja linapoingia kwenye mtaro uliochimbwa na mvua. Kwa hiyo anayetangulia hana budi kutazama kioo cha nyuma kila kona, na asipoona taa za mwenzake, asimame. Kwenye mteremko wa matope asubiri chini, kando ya njia, mpaka mwenzake amalize kuteremka kwa gia nzito bila kukanyaga breki mpaka zinuke. Wenye haraka hukereka, najua, na utani wa kobe haukosi. Ila baridi ya jioni ikianza kung'ata, wote hujazana ndani ya hilohilo gari la kobe, maana ndilo lenye chai.