Ithibati ya Ubora na Suala la Ria

Miongoni mwa masuala yasiyo budi kumshughulisha mfanyabiashara aiogopaye akhera ni hili: kampuni iliyopata ithibati ya usimamizi wa ubora, nayo ikafanya kazi yake vizuri kwa kuwa inajua mkaguzi atakuja, je, wema wake huo ni ikhlasi au ni ria? Kwani kiwango cha ISO 9001, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1987 na shirika la viwango la kimataifa lenye makao yake Geneva, hakidhamini kwamba kila bidhaa itakuwa njema. Hutaka kampuni iwe na utaratibu unaojulikana, iandike kasoro zake, itafute asili yake na kuiondoa. Cheti hudumu kwa kawaida miaka 3, na kila mwaka wakaguzi wa nje hurejea.

Wako wasemao kwamba hiyo ni ria, nami siafikiani nao. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita kwenye lundo la chakula sokoni hakutosheka na ukavu wa juu, bali alitia mkono ndani, vidole vyake vikakuta majimaji, naye akamkemea muuzaji kwa kuyaficha. Basi ukaguzi si tusi kwa mwaminifu. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha kwamba bakhili atakaye ukarimu na ajilazimishe kutoa, ijapokuwa moyo wake unasita, hata kutoa kuwe tabia yake. Ikiwa nafsi moja hufunzwa hivyo kwa mazoea, sioni kwa nini jamaa ya watu wafanyao kazi pamoja isifunzwe vivyo hivyo.

Hapo ndipo ilipo faida ya siku nyingi. Mwanzoni kampuni huenda isione ila gharama na wingi wa makaratasi. Lakini kasoro iliyotafutiwa asili yake leo haielekei kurudi mwakani, maarifa ya fundi mmoja hayaendi naye kaburini, na mteja wa mbali, asiyewajua wenye kiwanda kwa sura wala kwa nasaba, hupata jambo la kutegemea. Wanazuoni wawili wa Marekani, Levine na Toffel, katika utafiti walioutoa mwaka 2010, walizilinganisha kampuni za California zilizoshika kiwango hicho na nyingine zilizofanana nazo, wakaona kwamba zile za kwanza zilidumu zaidi, na mauzo na ajira zake zikakua kuliko za wenzao.

Lakini penye daftari lijazwalo usiku wa kuamkia ukaguzi, hapo ria ipo kwelikweli, wala haina faida, maana kazini hakikubadilika kitu. Basi enyi wenye viwanda, mfanyakazi awaleteaye habari ya kasoro msimkate mshahara wala msimwonee haya mbele ya wageni. Mshukuruni, na siku ya mkaguzi mwacheni aseme.