Mgeni Mlangoni Wakati wa Maradhi



Tarehe 10 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa Korona katika nchi yetu alijulikana huko Kinshasa. Siku nane baadaye serikali ikaamuru mashule yafungwe, na watu wasikusanyike makanisani. Sisi tulikuwa mbali na Kinshasa. Kila jioni tulizunguka redio, tukifuata habari za ugonjwa kama watu watazamao moto wa nyika uwakao ng'ambo ya mto.

Siku ya mwisho ya mafundisho, mama mmoja alisimama akaniuliza: «Mwalimu, ndugu yangu mdogo yuko njiani, anakuja kutoka mjini. Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikimwambia asiingie nyumbani mwangu, je, si dhambi?»

Swali hili ni zito. Yule aliyeuliza alikuwa na watoto wanne na mama mkwe mzee katika nyumba ya vyumba viwili. Basi leo nataka tulifikiri kwa utaratibu, maana maradhi hayajaisha duniani, na swali hilo litabisha hodi tena.

Tutazame kwanza mambo yaliyowapata watu wengine, zaidi ya miaka mia iliyopita. Katika bahari kuu ya Pasifiki kuna visiwa viitwavyo Samoa. Watu wake ni taifa moja, wenye lugha moja na desturi moja, nao humheshimu mgeni kama sisi. Lakini mwaka 1899 wakubwa wa nchi za mbali waliwagawanya: visiwa vya magharibi vikawa vya Ujerumani, vya mashariki vikawa vya Marekani. Mwaka 1914, vita ilipoanza, New Zealand ikavitwaa vile vya magharibi.

Mwaka 1918 mafua makali yalienea duniani kote, yakaua mamilioni ya watu. Tarehe 30 Oktoba meli iitwayo Talune iliondoka Auckland, mji wa New Zealand ambao mafua yalikuwa yamekwisha kuingia. Tarehe 7 Novemba ikafika Apia, katika Samoa ya magharibi. Ndani yake walikuwamo wagonjwa. Hata hivyo wakaruhusiwa kushuka pwani, wakaenda zao vijijini. Katika muda wa majuma machache watu wapata 8,500 walikufa, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Wazee na wakuu wa jamaa walikufa kwa wingi, hata pakakosekana wa kuwazika wafu ipasavyo.

Na huko mashariki? Mtawala wao, John Poyer, alizisikia habari za ugonjwa kwa simu ya upepo. Hakungoja kuuona kwa macho. Akaamuru kila chombo kitengwe kwanza, na wenyeji wenyewe wakalinda pwani, asishuke mtu kwa siri. Hata jamaa zao wa magharibi walizuiwa. Katika visiwa vile vya mashariki hakufa mtu hata mmoja kwa mafua yale.

Je, walinzi wale wa pwani walikosa upendo? La, hawakukosa. Aliyewazuia ndugu zake baharini alikuwa akiwalinda ndugu zake wa nchi kavu, watoto na wazee wasioweza kujilinda. Na mgeni mwenyewe apata faida gani akiingia, kisha akawazika wale aliokuja kuwaamkia? Tena tulitafakari neno la wahenga wetu. Walisema mwenyeji apone. Walimsifu mgeni kwa sababu ya uzima anaouleta. Basi anayeulinda uzima wa nyumba hajalitupa neno lao.

Lakini msiondoke upesi na jibu hilo, kwa maana lina sehemu ya pili. Poyer alipopata habari ya msiba wa magharibi, alituma ujumbe kwamba yuko tayari kutoa msaada. Mtawala wa Apia hakuupokea. Tazameni basi: mmoja alifunga mlango, akanyosha mkono, mwingine aliuacha mlango wazi kwa uzembe, na mkono wa msaada ulipokuja akauacha hewani. Mwaka 2002 waziri mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliwaomba radhi watu wa Samoa. Miaka themanini na minne ilikuwa imepita, na kosa lile lilikuwa halijasahauliwa.

Kwa hiyo nasema hivi: mlango waweza kufungwa kwa haki, mkono haufungwi kamwe. Anayemwambia mgeni «usiingie», kisha akarudi ndani kulala, ameitimiza nusu ya wajibu wake, na nusu hiyo peke yake ni ukatili. Yule Msamaria aliyesifiwa na Bwana wetu alimtafutia majeruhi mahali pa kulala, tena akalipa gharama.

Mtauliza: nitajuaje kama ninajihadhari, au kama ninachukia tu? Kipimo ni hiki. Ukimfungia mtu wa kabila jingine, na kumfungulia wa ukoo wako aliyetoka katika mji ule ule, hiyo ni chuki iliyovaa nguo ya hekima. Ukiendelea kumkimbia aliyepona, siku zake za kutengwa zimekwisha, hiyo pia ni chuki. Katika Kivu na Ituri, wakati wa Ebola, wako waliopona kisha wakakimbiwa na majirani. Ugonjwa uliwaacha, lakini watu wakawaua kwa macho.

Mgeni naye ana deni lake. Aseme kweli ametoka wapi, wala asifiche homa yake kwa aibu. Amri ya tano inamhusu yeye pia.

Yule mama nilimwambia maneno machache tu kati ya haya, maana sikuwa bado nimeyafikiri yote. Yeye alifanya zaidi ya nilivyomwambia. Ndugu yake alipofika, alikuta jiko la nje limefagiliwa, mkeka mpya umetandikwa, na mtungi wa maji umejaa. Alikaa humo siku kumi na nne. Kila jioni dada yake aliweka ugali na sombe juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaketi chini. Nao wakala pamoja, kila mmoja upande wake wa uwanja, wakiongea habari za nyumbani mpaka giza likaingia.

Jirani mmoja alimcheka, akisema, «Unamlisha ndugu yako kama mfungwa.» Mama akamjibu, «Mfungwa hana wa kula naye.»

Mkirudi nyumbani, jiulizeni: katika ua wangu, siku mgeni nisiyempenda atakapotoka penye maradhi, nitamfagilia wapi?