SAMAKI NI HALALI, LAKINI TONGE LAKO JE?

Muulize Mwislamu yeyote kuhusu samaki, jibu analo mdomoni: samaki ni halali, hachinjwi, na hata aliyefia majini huliwa. Jibu hilo ni sahihi na lina dalili yake katika mafundisho ya Mtume (SAW). Mzozo wa nani kachinja, ambao umetusumbua sana kwenye mabucha, haupo kwenye meza ya samaki. Tunanunua, tunakaanga, tunapiga Bismillahi na kula bila wasiwasi.

Mwandishi wa makala hii anaona wasiwasi kidogo unahitajika.

Chukua sato anayeuzwa Shinyanga mjini au Kahama. Miji hii haina ziwa. Huyo katoka kwenye lambo, au kaletwa kutoka mialo ya Ziwa Victoria upande wa Geita, kama Nkome. Mara nyingine unamkuta ana urefu wa kiganja tu, wakati kanuni za uvuvi zinakataza sato aliye chini ya sentimita 25 na sangara aliye chini ya 50. Samaki wa kiganja huletwa na nyavu za macho madogo au kokoro.

Ikumbukwe kuwa sato jike hubeba mayai kinywani mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakishtuka hukimbilia humo humo kinywani mwa mama yao. Mazalia yao yako kwenye kina kifupi, pale pale kokoro linapoburutwa. Anayevua hapo hachukui kitoweo cha leo tu, bali anachukua na cha watoto wa jirani yake. Wapo pia waliofikia kuvua kwa sumu. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu hiyo, na wavuvi wasio na hatia katika nchi zetu tatu wakaumia kwa dhambi ya wengine.

Sasa dhambi hiyo inaishia kwa mvuvi, au inafika hadi kwenye sahani?

Qur'an imetusimulia kisa cha wavuvi (7:163-166). Watu wa kijiji cha pwani walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na siku hiyo ndiyo samaki walijileta kwa wingi. Wafasiri wanaeleza kuwa walitega mitego kabla ya siku hiyo, wakaja kukusanya baada yake. Kwa ulimi wangeweza kusema, "Hatukuvua Sabato." Samaki wao hakuwa nguruwe wala mzoga. Walichoadhibiwa ni hila.

Katika kijiji kile palikuwa na makundi matatu: waliofanya hila, waliokataza, na waliowauliza wakatazaji kuna faida gani kuwawaidhi watu kama wale. Waliokataza waliokolewa, waliodhulumu waliadhibiwa. Hatima ya kundi la tatu haikutajwa, na wanazuoni wamekhitilafiana juu yake. Ndugu yangu, sisi wa mjini tuko kundi gani? Wale walinyamaza tu. Sisi tunanyamaza na pesa tunatoa.

Sisemi samaki huyo ni haramu. Kuharamisha si kazi yangu. Lakini wanazuoni hutofautisha kitu chenyewe na njia ya kukipata, na tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui (5:2). Bila mnunuzi, kokoro lisingeingia majini.

Mvuvi naye ana hoja yake: "Nina watoto, wavu halali ni ghali, na lambo linakauka." Hoja hii isidharauliwe. Katika operesheni ya mwaka 2018 nyavu haramu zilichomwa, na aliyekuwa anazidaiwa akabaki na deni. Mwaka huo huo, mwezi Juni, maafisa wa uvuvi walipopima samaki kwenye mgahawa wa Bunge, Dodoma, lilizuka zogo kubwa. Rula ikipelekwa mwaloni ni sheria. Ikiletwa mezani kwa wakubwa ni kukosa adabu! Tena huku Geita madhara hayatoki kwa mvuvi peke yake. Zebaki inayokamatia dhahabu ya wachimbaji wadogo ikisombwa na mvua huingia vijitoni, na ikifika kwa samaki hujilimbikiza katika minofu. Mvuvi wa bondeni hana habari. Mvaaji wa pete naye hajaulizwa.

Basi haki ianze na mwenye uwezo, naye ni mnunuzi. Kataa samaki mchanga hata akiwa rahisi. Muulize muuzaji katoka wapi. Na misikiti ya mialoni na mijini, badala ya kukemea tu mimbarini, ichange mfuko wa karadha njema, mvuvi akopeshwe wavu halali bila riba. Atakayekuwa amesaidiwa hivyo ndiye tutakayekuwa na uso wa kumkataza.

Bismillahi ya mezani ni nzuri. Lakini safari ya tonge ilianza majini, na huko nako Mwenyezi Mungu anaona.

Wallahu a'lam.