Kula kwa Macho

Sisi watu wa Lubutu, tukiongea Kiswahili chetu cha nyumbani, hatuna maneno mawili. Shuleni tulifundishwa kwamba anayetembea ni mnyama na iliyo chunguni ni nyama. Nyumbani yote ni nyama: nyama amepita nyuma ya shamba, nyama imeiva, kuya tukule. Kwa hiyo mtu akisema ametoka Ulaya, amepanda ndege, kisha pikipiki siku mbili kwenye matope, ili aje kuangalia nyama na kurudi kwao bila kuionja, watu hucheka kwanza. Halafu wanaanza kuuliza.

Swali lilitufikia barazani, katika kijiji kimoja cha sekta ya Bitule. Wageni wawili wa utafiti walikuwa wamekwisha kulala. Mzee mmoja akamuuliza kijana aliyewaongoza porini:

– Mwana, bale bageni banatafuta nini mu pori?

– Banatafuta kuona nyama, tata.

– Kisha kuiona?

– Banarudia kwabo.

– Na nyama?

– Inabakia.

Mzee akanyamaza kidogo, akapuliza moto. "Basi banakula kwa macho," akasema. "Lakini mwenye kula, hata kwa macho, anakula kwa nani?"

Tulicheka tena, na mazungumzo yakahamia bei ya mchele. Lakini sisi tulioandika kurasa hizi hatukulala vizuri usiku ule. Tangu hapo tumelirudia swali lile mara nyingi, na leo tunaliweka mbele ya msomaji.

Msomaji anajua tunapokaa. Parki ya Maiko ilianzishwa mwaka 1970. Ukubwa wake unapita kilomita za mraba 10,000, na Lubutu ni mmoja wa milango yake. Ndani yake wanaishi okapi, gorila wa Grauer na tausi wa Kongo, viumbe watatu ambao duniani kote hawapatikani porini nje ya misitu ya Kongo yetu. Nyumba ya wageni ya kuangalia wanyama, kama zile za Uganda zenye kitanda kizuri na kahawa ya asubuhi, kwetu haipo. Waasi wa Simba waliobaki tangu 1964 waliishi msituni humo miaka mingi, na vikundi vingine vikafuata. Hata hivyo, kila amani inapochungulia, maneno ya utalii yanarudi. Siku moja watajenga. Ni heri tufikiri kabla ya msumari wa kwanza.

Jambo lenyewe si geni katika nchi hii. Kule Ituri, Mmarekani Patrick Putnam alijenga kambi yake kando ya mto Epulu katika miaka ya 1930, akapokea wageni waliolipa ili walale porini, waone wanyama na wakae jirani na Wambuti. Huko Kahuzi-Biega, parki ya mwaka uleule wa 1970, Mbelgiji Adrien Deschryver aliwazoeza gorila kuwaona watu bila kukimbia, na tangu miaka ya 1970 wageni wakaletwa kuwatazama. Rwanda imefika mbali zaidi: tangu 2017 kibali cha kutazama gorila kwa mgeni wa nje ni dola 1,500. Muda wa kutazama ni saa moja. Dola 1,500 kwa saa moja ya macho! Mwalimu wetu hapa ahesabu mwenyewe ni mishahara ya miezi mingapi.

Tumtetee kwanza mgeni, maana kumcheka ni rahisi. Yule kijana alisema neno kubwa: inabakia. Nyama iliyoliwa chunguni imelisha nyumba moja siku moja, lakini ile iliyotazamwa itatazamwa na kesho. Tena mgeni huyu ana masharti. Hakaribii gorila zaidi ya hatua kadhaa. Mara nyingi anafunika mdomo na pua, kwa sababu mafua yetu yanaweza kumwua mnyama yule. Akiwa mgonjwa, anabaki kitandani hata kama amekwisha kulipa. Hiyo tunaitambua. Hiyo ni miiko! Kila mmoja wetu anajua nyumba ambayo nyama fulani haiingii katika chungu chake, na hakuna anayeuliza juu ya nini. Mtu anayekubali kujizuia mbele ya kiumbe, sisi hatuna sababu ya kumwita mjinga.

Tena sisi wenyewe tusijifiche nyuma ya neno desturi. Babu zetu waliwinda kwa nyavu na mbwa, wakagawana: paja la huyu, kichwa cha yule, mgongo kwa mkwe. Aliyetoka porini aliulizwa "umeona nini?", na jibu lake lilikuwa la kijiji kizima. Leo nyama iliyokaushwa inapakiwa kwenye pikipiki usiku, inakwenda migodini ambako watu wanachimba kasiterite na dhahabu, na anayeila hamjui aliyeiua. Mtego wa waya hauulizi kama nyama ana mimba. Kugawana kumekufa, na kilichobaki ni biashara iliyovaa shati la babu. Gorila wa Grauer walikadiriwa kufika karibu 17,000 katika miaka ya 1990. Makadirio ya 2016 yakasema 3,800. Mwaka 2021 hesabu ikasahihishwa kuwa 6,800, kwa kuwa maeneo mengi zaidi yalikuwa yametembelewa. Wanyama hawakuzaana ghafula. Kupungua huko hakukuletwa na macho ya watalii.

Basi, je, mgeni ameshinda kesi? Mzee wa Bitule hakuuliza kama kula kwa macho ni vibaya. Aliuliza: kwa nani?

Hapo ndipo penye uzito. Ili mgeni wa Bwindi atazame kwa utulivu, Batwa waliondolewa katika msitu ule ulipofanywa parki mwaka 1991. Baadaye baadhi yao wamekuwa wakilipwa kuwaonyesha wageni namna walivyokuwa wakiishi humo: namna ya kuwasha moto, namna ya kutega. Kwa hiyo jicho limekula na watu. Kahuzi-Biega ilipopanuliwa mwaka 1975, watu waliokuwa ndani walijikuta wavamizi kwenye makaburi ya baba zao. Batwa wengine walirudi kwa nguvu Oktoba 2018, na damu ikamwagika, ya kwao na ya walinzi. Tukiona picha ya gorila akitafuna majani kwa amani, picha ile haionyeshi nani aliambiwa asikanyage hapo.

Na jicho la mtaalamu pia lina deni. Mwaka 1913 James Chapin aliona huko Ituri unyoya kwenye kofia ya mtu, asijue ni wa ndege gani. Mwaka 1936 alikuta katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ndege wawili waliokaushwa, wakiwa na kibandiko kinachosema ni tausi wa India. Ndipo akaelewa, akawapa jina la kitaalamu, na dunia ikasema: Chapin amegundua tausi wa Kongo. Hatumnyimi sifa yake. Lakini mwenye kofia alikuwa amemvaa ndege huyo kichwani!

Kwetu, mgeni ni wa mwenyeji. Anapofika anaonyeshwa kiti, anapewa maji, anaulizwa habari za njia. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba baada ya kupokelewa anaingia katika kazi na deni la nyumba. Mtalii wa porini analala siku tatu, wala jembe haliulizi. Si kosa lake. Amelipa, na aliyelipa hadhani kuwa ana deni. Kosa ni kwamba aliyepokea malipo siye aliyefunga njia ya kwenda mtoni kwake ili mgeni apite. Sheria ya 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Hatubishani na sheria hapa. Ila Serikali haikai barazani jioni, wala haiulizi habari za njia.

Sisi tunaona hivi: kutazama nyama bila kuiua kunaweza kuwa jambo la heshima kabisa, ikiwa yule aliyejinyima kuiua ndiye anayemkaribisha mgeni kuitazama. Kujinyima ni sadaka. Sadaka ya mtu mwingine huwezi kuitoa wewe. Akiambiwa tu "acha", naye akaacha kwa kuogopa bunduki, hapo hakuna mwiko, kuna njaa. Mifano ya njia nyingine ipo. Huko Lubero, machifu wa Batangi na Bamate walikubaliana mwaka 1998 kutenga wenyewe msitu wa Tayna kwa ajili ya gorila. Na dekreti ya Agosti 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kupata msitu wake kisheria, hadi hektari 50,000. Wangapi katika Bitule na Obokote wameisoma? Sisi wenyewe tuliisoma kwa kuchelewa.

Tulipoyasoma maneno haya mbele ya kamati yetu, mama mmoja muuza sombe, ambaye watoto wake wanne wako shuleni, alitupinga. Alisema: "Munaongea juu ya bageni na baba-chifu. Na batoto? Batoto yetu hawajaona okapi." Ni kweli. Tuliuliza katika darasa la sita la shule moja hapa mjini, na hakuna aliyenyosha mkono. Mwalimu akatoa noti ya franka, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na kile kichwa cha okapi kilichofichwa ndani ya karatasi kikaonekana. Wakasogea wote, wakasukumana. Mtoto mmoja aliuliza kama inaliwa. Mwingine akauliza ni franka ngapi kwenda kuiona.

Tumemwandikia yule mama jina lake katika orodha ya watakaosema kwanza, siku watu wa kujenga nyumba ya wageni watakapofika. Yeye amejibu kwamba atakuja, lakini siku hiyo isiwe ya soko.